Kulisha Udongo Kwanza: Safari ya Kitale na Bungoma

Machi ni mwezi wa haraka Kitale. Mvua ikishanukia, magunia ya mbolea hupangwa hadi nje ya milango ya agroveti, mikokoteni hupishana na bodaboda zilizobeba mbegu, na watu wakikutana barabarani, baada ya salamu huulizana jambo moja tu: umepata mbolea? Mji huu umejengwa juu ya mahindi. Hapa ndipo Kenya Seed Company ilipoanzishwa mwaka 1956, na katika kituo cha utafiti cha hapa ndipo ilipozalishwa H611, chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 na kuzaa ukoo mzima wa mbegu za mfululizo wa 600 zinazopandwa nyanda za juu hadi leo. Kwa miaka 60 Trans Nzoia imeilisha nchi. Mimi nilikwenda kuuliza ni nani anayeulisha udongo wa Trans Nzoia.

Aliyenitia hamu ya safari hii ni mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo Eldoret. Alikuwa ameona video ya mkulima wa bangi wa California, jimbo lililohalalisha mmea huo kwa kura mwaka 2016. Mkulima yule hanunui mbolea ya dukani. Anachanganya mboji, kinyesi cha minyoo na unga wa mawe kwenye mapipa makubwa, anatandaza majani juu yake, na akishavuna hang'oi mizizi wala halimi. Anapanda tena palepale. Udongo wake, anasema, uko hai. “Mjomba, udongo wa namna hiyo tutaupata wapi hapa kwetu?” mpwa wangu aliniuliza.

Nilimwambia wazi kwamba Kenya kuotesha bangi ni kosa kubwa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na kwamba sitaki kumwona akipoteza masomo yake kwa ajili ya mche. Lakini swali lake lilikuwa swali zuri. Elimu ya udongo hai haikuzaliwa kwenye mapipa ya bangi. Wakulima wale wa Marekani waliichukua kwa watu wa mboga na nafaka, wakaitangaza kwa sababu zao lina bei na kila mmoja wao ana kamera. Hapa kwetu elimu hiyohiyo imekuwa ikifundishwa Kitale kwa zaidi ya miaka 40, kwa ajili ya sukuma wiki, maharagwe na mahindi. Nikafunga safari kwenda kutazama, ili nikirudi niweze kumwambia mtu anayeanza aanzie wapi.

Chimbuko la mafunzo hayo ni Manor House Agricultural Centre, chuo kilichoanzishwa mwaka 1984, mwaka ambao Wakenya wengi wanaukumbuka kwa ukame na foleni za mahindi ya njano. Waanzilishi wake walitazama mashamba madogo yaliyochoka, wakaona kwamba mkulima asiye na fedha za mbolea anahitaji njia inayotumia alichonacho nyumbani. Wakachukua kilimo cha bayointensivu, kile ambacho Mwingereza Alan Chadwick alikifundisha California kuanzia mwaka 1967 na John Jeavons akakiandikia kitabu mwaka 1974. Hata hivyo, si kweli kwamba mboji ililetwa Kenya miaka ya 80. Albert Howard, mtaalamu aliyeunda njia ya mboji ya Indore kule India, aliandika kwamba mahali pa kwanza Afrika kuitumia palikuwa shamba la kahawa karibu na Kiambu, mwaka 1933. Na kabla ya walowezi wenye mashamba kama hayo, bibi zetu walikuwa wakipanda mboga nyuma ya zizi, kwa sababu waliona kwa macho yao mahali zinaponawiri.

Kazi yenyewe niliiona vizuri zaidi nyumbani kwa mama mmoja upande wa Kiminini, ambaye alijifunza njia hii miaka mingi iliyopita na sasa huwafundisha majirani zake. Ana ekari moja na robo. Alinipokea kwa chai, kisha akanipeleka nyuma ya jiko, mahali vitanda vyake vya mboga vilipo. Kila kitanda kina upana wa mita moja na nusu na urefu wa mita 6 hivi. Upana huo una sababu: ukichuchumaa upande wowote mkono wako unafika katikati, kwa hiyo hakuna mguu unaokanyaga ndani.

“Mguu ndio adui wa kwanza,” aliniambia. “Ukikanyaga, umefukuza hewa. Na hewa ikitoka, wale wanaokufanyia kazi humo chini wanakufa.”

Kuchimba kwake ni kwa hatua. Kwanza anachimba mtaro mwisho wa kitanda, kina sentimita 30, na ule udongo wa juu anauweka pembeni. Halafu anaingia mtaroni na fokjembe, anaulegeza udongo wa chini sentimita 30 nyingine bila kuupindua. Udongo wa juu wa mtaro unaofuata anausukumia kwenye mtaro wa kwanza, na hivyo hivyo hadi mwisho, ambapo ule aliouweka pembeni unajaza mtaro wa mwisho. Wa juu unabaki juu na wa chini unabaki chini, kwa sababu kila tabaka lina wakazi wake. Mizizi ikipata sentimita 60 zilizolegea hushuka chini badala ya kutanda, na miche inaweza kukaribiana. Sukuma wiki zake zilikuwa zimepandwa kwa mtindo wa pembetatu, majani yakigusana na kuufunika udongo wote. Kazi hiyo nzito haifanywi kila msimu. Kitanda kikishalegea, humwagia mboji juu, akachanganya kidogo na kupanda.

Kisha akanionyesha biwi lake la mboji. Lilikuwa kimo cha kifua, limefunikwa majani ya migomba, na katikati limechomekwa fimbo ndefu kwa mshazari. Alichomoa fimbo akanikabidhi. Nusu ya chini ilikuwa na unyevunyevu, na ilikuwa na moto wa kumfanya mtu aihamishe kutoka kiganja kimoja hadi kingine. Hicho ndicho kipimajoto chake. Fimbo ikitoka baridi siku chache baada ya kujenga, biwi limekosa maji au limekosa mali mbichi. Ikitoka na ukungu mweupe, ni kavu. Ikitoka na harufu mbaya, maji yamezidi na hewa imekosekana. Ile niliyoishika ilinukia msitu baada ya mvua.

Chini kabisa ameweka mabua ya mahindi yaliyopishanishwa, ili hewa ipite. Juu yake tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi ya ng'ombe, udongo wa juu kidogo wa kuleta vijidudu, na jivu la kunyunyizia tu. Kila baada ya tabaka anamwagilia. Halafu anarudia hadi kimo kitoshe. Kipimo cha maji ni mkono: kamata konzi moja ukamue, yakitoka matone mawili matatu imetosha. Ndani ya siku chache joto hupanda kupita nyuzi 55, na hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Baada ya majuma matatu hivi analipindua, ya nje yaende ndani. Kufikia mwezi wa tatu hutambui tena bua wala jani.

Nilimuuliza swali ambalo msomaji mwenye shamba la mahindi angeuliza: je, mboji hii inatosha ekari nzima? Hakunificha. Tani mbili za mboji kwa ekari ni magunia 40 ya kilo 50, na mtu mwenye ng'ombe wawili hawezi kuyapata kila mwaka bila kuhangaika. Ndiyo maana mboga zake anazipanda kwa mboji tupu, lakini mahindi anayawekea konzi moja kwenye kila shimo, na bado ananunua mbolea ya kupandia, ingawa pungufu kuliko zamani. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo. Wapo wanaohubiri kilimo hai wakimtaka mkulima aache mbolea ya dukani msimu mmoja, na mkulima akipata magunia manne ya mahindi mahali alipozoea kupata 15, hawasikilizi tena. Udongo uliozoea kulishwa kwa gunia unahitaji miaka kadhaa ya kurudishiwa uhai wake.

Kutoka Kiminini nilipanda matatu ya kuteremka Webuye. Barabara inapita Kamukuywa na Misikhu, na unaweza kuhisi nchi ikishuka: Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma mjini yapata 1,400. Kulia, Mlima Elgon ulikuwa umevaa mawingu. Kilimo kinabadilika pamoja na mwinuko. Trans Nzoia ina msimu mmoja mrefu wa mahindi, Machi hadi Oktoba au Novemba. Bungoma sehemu nyingi hupanda mara mbili, kwa mvua ndefu na za vuli. Nilipoona malori ya miwa yakielekea kiwanda cha Nzoia nilijua nimeshaingia nchi ya sukari. Misimu miwili ni baraka, lakini ina maana kwamba ardhi inavunwa mara mbili kwa mwaka, na mabua yakienda kwa ng'ombe na kuni, hakuna kinachobaki cha kuirudishia.

Mwenyeji wangu Bungoma alikuwa mzee mstaafu upande wa Chwele. “Mulembe,” alinisalimu kutoka kibarazani, na kabla sijaketi vizuri alikuwa ameleta karatasi ya kipimo cha udongo. Shamba lake lilikuwa na pH ya 4.9. Alinieleza jinsi alivyofika hapo. Kwa zaidi ya miaka 20 alipanda kwa mbolea ileile ya DAP, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, naye akiamini anaitendea ardhi wema. Kumbe naitrojeni ya aina hiyo, inapobadilishwa na bakteria, huacha asidi nyuma yake. Mwaka mmoja hauonekani, miaka 20 inaonekana. Udongo ukishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imefungwa ndani yake huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi. Na udongo mwekundu wa kwetu una tabia nyingine: chuma na aluminiamu yake huikamata fosforasi na kuishikilia, kiasi kwamba mkulima anamwaga mbolea lakini mahindi yanatoka na majani ya zambarau kwa njaa.

“Mzee, ulifanya nini?” nilimuuliza.

“Nilianza na chokaa,” alisema. “Halafu nikaacha kuchoma. Halafu nikaanza kuyakata haya.”

Alikuwa akionyesha ua wa shamba lake: tithonia, yale maua ya njano yanayofanana na alizeti, yanayoota kando ya kila njia magharibi mwa Kenya bila kupandwa na mtu. Watu huyaona magugu. Lakini watafiti waliofanya kazi Maseno miaka ya 90 walipima majani yake mabichi wakakuta kwamba, yakikaushwa, karibu asilimia 3.5 ni naitrojeni na asilimia 4 ni potasiamu. Fosforasi yake ni asilimia 0.37, kiasi kikubwa kuliko kile cha majani mengi. Mzee huyakata kabla hayajachanua, anayakatakata kwa panga na kuyafukia wiki moja kabla ya kupanda. Yanaoza upesi, na katika kuoza kwake husaidia kuilegeza ile fosforasi iliyokamatwa. Ua wa shamba ukawa ghala la mbolea.

Kisha akaniita kwenye kishamba cha mboga iitwayo mito. Hakuna Mbukusu asiyeijua mboga hii chungu inayopikwa na mrenda. Aling'oa mche mmoja taratibu, akakung'uta udongo, na kwenye mizizi nikaona vinundu vidogo vidogo. Alikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi. “Huyu anafanya kazi,” alisema. “Kingekuwa cheupe au kijani, ningejua amelala.” Ndani ya kinundu hicho wamo bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, na mmea unawalipa sukari. Waridi ile ni dalili ya kwamba biashara hiyo inaendelea. Akivuna, huacha mizizi ardhini, na zao linalofuata linarithi. Maharagwe na kunde hufanya vivyo hivyo.

Huo ndio uhai wote unaozungumzwa. Mmea unatengeneza sukari kwa jua, na sehemu ya sukari hiyo unaimwaga kupitia mizizi. Bakteria na kuvu wanaifuata. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kuwa na bakteria hadi bilioni moja. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko mzizi wowote, hufika mahali ambapo mzizi haufiki na kurudi na fosforasi. Vijidudu vikubwa zaidi hula bakteria, na katika kula huiachia mizizi naitrojeni. Minyoo hupitisha yote tumboni na kufungua njia za hewa na maji. Mkulima wa California kwenye pipa lake na mzee wa Chwele kwenye kishamba chake wanafuga mifugo hiyohiyo isiyoonekana. Tofauti ni kwamba yule analipia malisho dukani, na huyu anayakata kwenye ua.

Jioni tulizungumza kuhusu majirani. Upande wa Bumula, aliniambia, wako wanaopigana na striga, lile gugu la maua ya zambarau linalojichomeka kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya. Dawa bora niijuayo kwa mtu asiye na fedha ni ile ya watafiti wa icipe na wenzao wa Rothamsted, iliyojaribiwa mashambani tangu miaka ya 90, Trans Nzoia ikiwa mojawapo ya sehemu za mwanzo. Kati ya mistari ya mahindi unapanda mmea wa desmodiamu, na kuzunguka shamba unapanda majani ya nepia. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa vipekecha-shina, nepia inawavuta nje. Mizizi ya desmodiamu huiamsha mbegu ya striga na kuizuia isishike mahindi, ikafa. Juu ya hayo, desmodiamu inatia naitrojeni, inafunika udongo, na inalisha ng'ombe ambaye samadi yake inarudi kwenye biwi.

Kaunti hii imeshaonyesha kwamba jambo hili si la bustani ya mtu mmoja. Wakulima wa Bungoma walikuwa miongoni mwa wale wapatao 60,000 wa magharibi mwa Kenya waliojiunga na mradi wa Vi Agroforestry, shirika la Uswidi lililoanza kazi zake Kenya mwaka 1983. Waliacha kuchoma mabaki, wakatengeneza mboji, wakapanda miti katikati ya mazao. Mnamo Januari 2014 mradi huo ulikuwa wa kwanza, chini ya utaratibu wa kupima kaboni ulioufuata, kupewa hati za kaboni iliyohifadhiwa kwa utunzaji wa mashamba. Fedha iliyomfikia mkulima mmoja mmoja ilikuwa ndogo. Faida aliyoiona kwa macho yake ilikuwa kwenye mahindi, na kwenye maji ya mvua yaliyozama badala ya kukimbilia mtoni na tope jekundu.

Kwa hiyo anayeanza aanzie wapi? Aanze kwa kupima. Atembee shambani kwa mwendo wa kupinda kushoto na kulia, achukue udongo wa kina cha sentimita 20 mahali kama 15, auchanganye kwenye ndoo safi na kupeleka nusu kilo maabara. Kama pH iko chini ya 5.5, chokaa ya kilimo itangulie kabla ya fedha nyingine yoyote. Halafu achague kitanda kimoja tu karibu na jiko, mahali ambapo maji ya kuoshea mboga yanaweza kumwagwa na jicho linapita kila siku. Akichimbe kwa hatua mbili kama yule mama wa Kiminini, mara hiyo ya kwanza tu. Ajenge biwi moja la mboji. Apande mboga ya majani pamoja na ya jamii ya kunde, atandaze majani makavu, na asiache udongo uchi hata wiki moja. Asiye na shamba, kama mwanafunzi wa chumba cha kupanga, atumie gunia: udongo wa juu sehemu mbili, mboji sehemu moja, na nguzo ya kokoto katikati ya kupitisha maji. Akishaona kitanda cha kwanza kinabadilika rangi na minyoo imerudi, aongeze cha pili. Ekari ya mahindi ije baadaye, kidogo kidogo.

Ninaliamini jambo hili kwa sababu ya hesabu ya ardhi. Mzee wa Chwele alirithi ekari sita. Wanawe wanne watagawana hizo hizo, na wajukuu watagawana vipande. Hakuna kaunti itakayowaongezea. Njia pekee iliyobaki ya kuwaachia watoto shamba kubwa kuliko lililopokelewa ni kuwaachia udongo wenye kina zaidi na mboji zaidi, na hiyo ni kazi inayoweza kufanywa na mtu mwenye panga, fokjembe na subira. Wala asisubiri mvua ndipo aanze. Mwanzo mzuri ni wakati wa mavuno, Oktoba au Novemba, pale jirani anapotafuta kiberiti cha kuchoma mabua. Ayaombe mabua hayo, ayabebe, na kabla ya Krismasi biwi lake la kwanza liwe limesimama, limefunikwa, na fimbo imo ndani.